Maziwa Yasiyo na Mtoto

Mimi nina wivu, na sijawahi kumficha mtu. Wako wanawake ambao ukiwaambia mume ameoa mwingine wanakujibu "ni maisha tu, dada," kisha wanatabasamu kama waliopewa zawadi. Mimi si wa kutabasamu. Nilipoambiwa mume wangu ana mke wa pili Malaba, nilikuwa nimeshika trei ya mayai. Niliiweka chini polepole, kwa sababu mayai hayakuwa na kosa, nikaenda nyuma ya kibanda nikatapika.

Nauza mayai hapa Busia. Yanatoka ng'ambo, upande wa Uganda, yanavushwa kwa baiskeli na pikipiki kila asubuhi, na mimi nayapokea, nayapanga na kuyauza kwa wenye hoteli na maduka. Mume wangu kazi yake iko Malaba, anawashughulikia madereva wa malori karatasi za forodha. Zamani alikuwa akirudi Busia kila jioni. Halafu ikawa foleni ya malori ni ndefu, analala huko. Foleni ikazidi kuwa ndefu, hata wiki ambazo madereva wenyewe, wakinunua mayai kwangu, waliniambia barabara ni nyeupe. Kumbe foleni alikuwa ameijenga nyumba na kuiwekea mapazia.

Yule mwanamke ni wa kutoka Angurai. Anawapikia madereva wali na matumbo karibu na maegesho ya malori. Mara ya kwanza nilipomwona nilitaka awe mbaya wa sura, jameni, nilimwomba Mungu awe mbaya wa sura. Hakuwa. Ana kiuno, ana ngozi, na ana ile sauti ya upole inayokuudhi kwa sababu huwezi kuigombeza. Aliniita "dada mkubwa" na kunikaribisha chai. Nikainywa yote ili asije akasema nimemwogopa, na ikanikaa hapa kooni mpaka Busia.

Tangu hapo tumbo langu likaharibika. Mume akisema tu "kesho naenda Malaba," linajaa, linapanda, kichefuchefu kinanishika mpaka mate yanakuwa machungu. Nikawa napika na sili. Mama mmoja wa ng'ambo aliyekuwa akinitumia mayai akaniona nimekunja uso juu ya trei, akasema, "Nyabo, dada yangu, unateseka bure." Akafungua kibeti, akanipa vidonge vidogo vyeupe vilivyofungwa kwenye karatasi ya kaki. "Meza kabla ya kula. Hapa sisi wote tunameza."

Na kweli, wote walikuwa wakimeza. Wauza nguo, wauza ndizi, wabadilisha pesa, kila mtu mpakani ana karatasi yake ya kaki. Huulizi jina la kidonge. Unasema "vya tumbo," muuzaji anajua. Nilimeza asubuhi, mchana na jioni, na kichefuchefu kikatulia. Vikiisha, namwambia kijana wa baiskeli aniletee vingine pamoja na mayai. Niliendelea hivyo mwaka ukaisha, na mwingine ukaanza, na sikuwahi kuviita dawa. Dawa ni kitu unachopewa hospitali ukiwa mgonjwa. Hivi vilikuwa vya tumbo.

Katikati ya hayo siku zangu za mwezi zikakatika. Mwanzoni nilifurahi kama mtu mwenye wazimu. Tulikuwa tumeoana muda na hatujapata mtoto, na hapa mpakani mwanamke akishaolewa ataitwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake. Mimi niliitwa "mama" tupu, lile la sokoni, "mama, trei ngapi?" Nikapima mimba. Hakuna. Nikangoja, nikapima tena, hakuna. Nikaenda Amukura kwa mama yangu mzazi, nikamuuliza kama wanawake wa ukoo wetu hukauka mapema. Akaniambia yeye alimzaa kitinda mimba akiwa na mvi. Basi nikarudi Busia nikiwa na uchungu mpya. Niliyaangalia yale mayai, trei juu ya trei, nikawaonea wivu hata kuku wa Uganda.

Halafu yule wa Malaba akashika mimba. Mume aliniambia kwa simu, na kwa vile alivyoanza, "sasa unajua, mambo ya Mungu…," nilijua kabla hajamaliza. Nilimwambia hongera. Nikakata simu, nikameza viwili badala ya kimoja.

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe wangu alipanda gari kutoka Budalang'i na mfuko wa samaki wakavu na amri. Kwao, mtoto wa mke mdogo akitoka ndani mara ya kwanza, mke mkubwa ndiye anampokea mikononi mwa mama yake, mbele ya watu, ili kusiwe na maneno kati ya nyumba mbili. "Ukikataa," aliniambia akiwa ameketi kwenye kiti changu, "watasema unajua kwa nini umekataa." Huyo ndiye mama mkwe wangu. Hakupi nafasi ya kupitisha hata sindano.

Nikavaa gauni langu la krimu, lile zuri. Kama nitamwona na mtoto, basi anione nimependeza. Pale Malaba uani palikuwa na wanawake wa ukoo, mashangazi, majirani, na yeye mwenyewe ameketi kwenye mkeka, amenenepa vizuri, amesukwa nywele. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni anakenua meno. Nilikuwa sijamwona akikenua hivyo tangu arusi yetu, na nilitamani meno yote yamdondoke.

Nikapokea mtoto. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiria, na ana joto. Nikasema yale maneno ya kumkaribisha, sauti haikutetemeka, nikajipongeza moyoni. Mara akalia. Si kulia kwa kawaida, alilia ile ya njaa, uso wote mdomo. Na mimi nikasikia kifua kinakaza, kinachomachoma kama mguu uliokufa ganzi ukianza kuamka. Nikaangalia chini. Gauni la krimu lilikuwa limelowa, pande zote mbili.

Shangazi mmoja, ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema, "Ni maziwa."

"Maziwa ya nani?" akauliza mwingine.

Mtoto naye alikuwa amegeuza kichwa, ananitafuta, mdomo wazi. Nitasema lililokuwa moyoni mwangu: nilifurahi. Mbele ya wote hao, mtoto wake alikuwa ananitafuta mimi. Yule mama yake aliruka kutoka mkekani akamnyakua. Kumbe tangu ajifungue maziwa yake yalikuwa hayatoshi, na sasa akapata jibu. "Ameyaiba!" alisema, na ile sauti ya upole sijui ilienda wapi. "Dada ameiba maziwa ya mtoto wangu!"

Mama mkwe akawatuliza. Lakini mume wangu alinishika mkono akanitoa nje mpaka kando ya barabara, malori yakitupulizia moshi. Hakuniuliza kuhusu kuiba. "Mwanamke hatoi maziwa bila kuzaa," alisema. "Mtoto yuko wapi? Ni wa nani?"

"Mtoto gani?"

"Usinifanye mjinga. Mimi nikilala huku, wewe huko Busia unalala na nani?"

Midomo yake ilikuwa inatetemeka, macho yamemtoka. Nilimtazama vizuri, kwa sababu ule ugonjwa naujua, nimeuishi. Wivu! Mtu mwenye nyumba mbili alikuwa anakaribia kulia kwa ajili ya mwanamume ambaye hayupo. Wee! Ningeweza kusimama pale nikimwangalia mpaka giza liingie. Lakini akaendelea. Akasema nimpe ushahidi wa hospitali kwamba sijabeba mimba ya mtu, la sivyo nifunge vitu vyangu nirudi Amukura. Ndipo furaha ikaniisha. Kama ningefukuzwa wakati huo, bila mtoto na bila hedhi, hakuna mwanamume mwingine angenichukua, na ile nafasi ya kuitwa Mama Fulani ingekuwa imefungwa kabisa. Nyumba yangu ya Busia angeingia nani? Si mnajua.

Nilikwenda kwenye kliniki moja mjini Busia. Tabibu, ambaye wote tunamwita daktari, alikuwa msichana mdogo kwangu, na alikuwa na tumbo la mimba lililomtangulia kuingia chumbani. Hata huyu! Nilikaa nikamwangalia akijishika kiuno anapoketi, nikakosa hata hamu ya kueleza. Lakini nilieleza.

Aliniuliza maswali kwa utaratibu. Kichwa kinauma? Macho yanaona vizuri pembeni? Natumia sindano ya kupanga uzazi? Nikacheka kwa uchungu. Natumia dawa yoyote?

"Hapana."

"Ya presha? Ya miti shamba?"

"Hapana, daktari. Mimi si mtu wa dawa."

Akapima mimba, hakuna. Akanikagua, akasema sijawahi kuzaa, jambo ambalo ningemwambia bure. Damu ikatolewa, ikapelekwa Kisumu, nikarudi kuchukua majibu nikiwa sijalala vizuri. Akanionyesha, akiweka kidole katikati ya nyusi zake.

"Hapa ndani kabisa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo, haizidi mbegu ya njegere. Hii ndiyo inaamrisha tezi zingine. Inatoa homoni kwenye damu, homoni inatembea mpaka kule inakotumwa. Upande wa mbele unatoa homoni ya kutengeneza maziwa. Upande wa nyuma unaachilia nyingine, ya kuyasukuma yatoke. Hiyo ya nyuma mama akisikia mtoto analia tu, inaachiliwa."

"Hata mtoto akiwa si wake?"

"Tezi haiulizi mtoto ni wa nani."

Akasema homoni yangu ya maziwa iko juu sana. Akasema pengine kuna kiuvimbe kidogo kwenye hiyo njegere, na itabidi niende Eldoret kichwa kipigwe picha. Aliposema uvimbe na kichwa pamoja, tumbo likanipanda kama kawaida yake. Nikamwomba maji. Nikatoa karatasi yangu ya kaki, nikatia kidonge mdomoni.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Ah, hii si dawa. Ni ya tumbo."

Aliinuka, na tumbo lake lote, akazunguka meza, akaichukua ile karatasi mkononi mwangu. Akakigeuza kidonge kwenye mwanga wa dirisha, akasoma herufi zilizochorwa juu yake, ambazo mimi kwa muda wote huo nilidhani ni mapambo. Akauliza nameza vingapi. Nikamwambia. Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Akaketi tena, akashusha pumzi.

"Ubongo wako unaikanyagia ile tezi breki saa zote," akasema, "isitengeneze maziwa kama hakuna mtoto. Hiki kidonge kinatuliza tumbo, lakini kinatoa mguu kwenye breki. Ukimeza siku mbili tatu si neno. Wewe umemeza kama chakula. Sasa tezi inatengeneza maziwa tu. Na hiyo homoni ya maziwa ikijaa, inatuma neno kwa ovari zipumzike, zisitoe yai, kwa sababu mama ananyonyesha. Ndiyo maana hupati siku zako. Mwili wako unafikiri unanyonyesha."

"Unamnyonyesha nani?"

Na mimi, Mungu anisamehe au asinisamehe, nilikaa pale nikauonea wivu mwili wangu mwenyewe. Wao, hiyo njegere na ovari na matiti, walikuwa na mtoto wao. Walimwamini, walimwandalia chakula kila siku, wakapeana habari zake kwenye damu. Ni mimi tu sikuwa nimealikwa.

Akaniuliza hilo tumbo lilianza lini. Nikamsimulia habari za Malaba, mpaka chai. Alisikiliza. Akasema juu ya figo kuna tezi mbili nyingine, na mtu akiwaka wivu zinamwaga homoni yao, moyo unakimbia, damu inahama tumboni, chakula kinakwama.

"Hiyo haina dawa?"

"Uache kuwawazia."

"Ng'o," nikamwambia. Akacheka mpaka akashika meza.

Mume wangu aliitwa akaja, kwa sababu nilitaka ayasikie kwa masikio yake. Aliketi kwenye ukingo wa kiti na shati lake la kazini. Daktari akamweleza yote, njegere, breki, vidonge. Akasikiliza kama dereva anayeambiwa stakabadhi zake zina kasoro. Mwishowe akauliza, "Kwa hivyo hakuna mwanamume?"

"Hakuna, mzee. Kuna tezi."

Alikubali kwa mdomo. Moyoni nadhani alibaki na shaka, kwa sababu baada ya hapo foleni ya malori ikapungua ghafla. Akawa analala Busia siku nyingi kuliko Malaba. Alianza pia kunipigia simu mchana, mara mbili, mara tatu, na swali lake likawa moja: uko na nani? Nilimjibu kwa upole, sauti ya yule wa Malaba kabisa. Sikumhurumia hata chembe. Nami nilikuwa nimeuliza swali hilo moyoni kwa miaka, bila simu ya kuliulizia.

Niliacha vidonge. Nisiwadanganye, niliteseka. Tumbo liliwaka, nikanywa tangawizi, nikala uji mwembamba, nikaapa kwamba siendi popote. Maziwa yakaanza kupungua. Na hapa pana jambo ambalo sikumwambia hata mama yangu: nilikuwa nikijifungia bafuni kujikamua kidogo, kuona kama bado yapo. Siku yalipokataa kabisa kutoka nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikalia, kama mtu aliyenyang'anywa. Yalikuwa ya uongo, naelewa. Lakini yule mtoto wa Malaba hakujua ni ya uongo.

Baadaye kidogo, nikiwa kibandani, nikasikia maumivu ya kiuno niliyokuwa nimeyasahau. Damu. Nilifunga kibanda mchana kweupe, wateja wakaniuliza kuna msiba gani, nikawaambia hakuna msiba, nendeni nyumbani kwenu. Ikaja na mwezi uliofuata, na uliofuata. Sikusema chochote kwa mume wangu. Nilikuwa nimechoka kumpa habari zangu azipeleke Malaba.

Huko Malaba mtoto alikuwa ameanza kutambaa. Mama yake, tuliyepatanishwa naye na mama mkwe kwa kuku mmoja, alikuwa ananitumia picha kwenye simu. Mtoto ameshika kijiko. Mtoto amevaa kofia. Nilikuwa nazikuza kwa vidole, natafuta pua ni ya nani, halafu nazifuta. Kesho yake naomba anitumie tena.

Ndipo siku zangu zikakatika upya. Nilikasirika! Sikuwa nimemeza kitu, hata cha kichwa. Lakini kifua kilikuwa kinauma, kichefuchefu kimerudi, na harufu ya yai lililovunjika ilinitoa mbio. Nikajua ile njegere imeharibika kweli sasa, ni uvimbe, ni Eldoret. Nikavaa nguo za safari kabisa nikaenda kliniki. Daktari alikuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi, amepungua, na kwenye koti lake jeupe kulikuwa na doa dogo la maziwa ambalo hakuwa ameliona. Nililiona mimi. Nikasononeka papo hapo.

Nikamwambia tezi imerudia. Akanipa kikopo cha mkojo. Nikamwambia sina haja ya kikopo, nishapimwa hiyo mara nyingi, anipe barua ya Eldoret. Akasema, "Mama, leta mkojo." Nikaleta. Akashika kile kipimo, akakitazama, akakileta mpaka machoni pangu, mistari miwili.

"Safari hii," akasema, "tezi zako hazijadanganywa."

Alinieleza mengine pale, kwamba sasa kuna homoni nyingine kabisa, haitoki kichwani, inatoka kwa huyo mtoto mwenyewe, anaituma ili mwili wangu usimwage makao yake. Nilimwomba arudie hilo. Anaituma mwenyewe? Anaituma mwenyewe, akasema, ndiye anajitetea. Nikatoka nikaketi kwenye benchi la nje, kati ya watu wanaokohoa.

Niliona kila kitu kitakavyokuwa. Mume akijua, Malaba itajua kabla ya jioni. Mama mkwe atapanda gari na samaki wake na jina la marehemu fulani mfukoni. Yule wa Malaba atakuja na ile sauti, na kiuno kile, atataka kuweka mkono hapa. Kitu chochote nilichopata kwenye ile ndoa kilinifikia kimeshakatwa vipande, hata Krismasi, hata sauti ya mume wangu kwenye simu. Nikaweka mkoba juu ya tumbo langu, watu wasilitazame.

Simu ikalia. Alikuwa yeye, kutoka Malaba, nasikia malori nyuma yake.

"Uko wapi?"

"Busia."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu," nikamwambia, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya mume wangu.